Painted Desert: usiende saa sita mchana

Ndugu, umeuliza kama muda wa saa tatu unatosha kuzunguka Painted Desert, jangwa la vilima vya rangi kule Arizona, Marekani, na ufike wakati gani. Unatosha, ila jua la utosi hufifisha rangi zote. Nenda asubuhi, au alasiri jua likianza kulala. Hapo wekundu wa vilima, ambao ni kutu ya madini ya chuma, unakolea hasa.

Barabara ya hifadhi ya Petrified Forest, inayopita katika jangwa hilo, ina kilomita 45 hivi. Vituo vya kaskazini vipitie tu, muda wako umalizie Blue Mesa. Pale unashuka kwa miguu katikati ya vilima vyenye mistari ya zambarau, buluu na kijivu. Inama utazame udongo wake: umepasukapasuka kama ganda la mkate. Ukilowa huvimba na kuteleza kama sabuni, kwa hiyo kukiwa na mvua ahirisha kushuka.

Beba maji, kivuli hakuna. Na vile vipande vya miti iliyogeuka mawe (vinatamanisha kweli!) usitie hata kimoja mfukoni, ni kosa kisheria.