Maswali ya Wazazi: “Walituomba kadi ya ubatizo”

SWALI

Mama Direktere, jambo. Siye tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Niko na mtoto wa kiume, alifikisha miaka sita mwezi wa tano, na maternele (shule ya watoto wadogo) amemaliza vizuri. Nilienda kumwandikisha mwaka wa kwanza kwenye shule ya msingi ya Wakatoliki iliyo karibu na kwetu, kwa sababu nyingine ziko mbali na barabara ya kuvuka ni mbaya. Sekretere akaniomba kadi ya ubatizo. Nikamwambia tunasali kwenye kanisa la uamsho, na kwetu mtoto habatizwi mpaka akue, aamue mwenyewe. Akafunga daftari: “Mama, nafasi zimeisha.” Juma lile lile jirani yangu akaandikisha wake palepale. Halafu kijana mmoja wa pale akanifuata hadi barabarani, akasema nikileta kitu kidogo nafasi itaonekana. Baba watoto anasema tumbatize tu, mambo yaishe. Shule ya kulipa hatuiwezi. Je, mtu anaweza kukata rufaa kwa jambo kama hili? Anaanzia wapi?
Mama wa Katuba

JIBU

Mama yangu, nitaanza na ubatizo, kwa sababu hapo ndipo barua yako iliponichoma. Usimbatize mtoto ili apate dawati. Mimi ni Mkatoliki, nimeongoza shule ya msingi ya Wakatoliki katika mji huu mpaka nilipostaafu, na kwangu ubatizo ni sakramenti. Paroko atawauliza ninyi wazazi kama mnakusudia kumlea mtoto katika imani hiyo. Mtamjibu nini, naye mtoto amesimama hapo anasikia? Mmeamua angoje akue. Uamuzi huo ni wenu na unastahili heshima. Mweleze pia baba watoto kwamba mkienda kutafuta kadi mtakuwa mmekubali kuwa sekretere alikuwa na haki ya kuidai. Hakuwa nayo, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza hakikisha ni shule ya namna gani. Hapa Lubumbashi Wakatoliki wana shule za aina mbili, na wazazi wengi wanazichanganya kwa sababu zote zina msalaba ukutani. Kuna za binafsi, ambazo wazazi wanalipa minervali (ada ya shule) na walimu wanalipwa kutokana na pesa hiyo. Na kuna zile tunazoziita konvansione. Hizi ni shule za umma. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za makanisa. Kisha tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia saini mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu (kanisa la Simon Kimbangu): makanisa yasimamie shule, serikali ibaki na mamlaka juu yake. Waislamu nao wakapata mkataba wao baadaye. Ndiyo maana utamkuta padri ni mratibu na sista ni direktere (mkuu wa shule), huku programu ya masomo ikitoka wizarani na walimu wakingoja mshahara wa serikali. (Wapo wanaoungoja miaka, nami nimewaona wakifundisha vizuri na tumbo tupu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.) Soma kibao cha shule, au muulize mwalimu yeyote kama ana matrikule (namba ya mwajiriwa) ya serikali. Kwa kuwa umesema shule ya kulipa hamuiwezi na bado ulikwenda pale, nadhani ni ya konvansione.

Kama ndivyo, Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 iko upande wako. Kifungu cha 43 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Kifungu cha 45 ndicho cha kuandika kwenye karatasi na kubeba mkobani: kila mtu ana haki ya kuingia katika shule za elimu ya taifa bila kubaguliwa kwa mahali alikotoka, kwa rangi, kwa dini, kwa jinsia, kwa mawazo ya siasa, wala kwa hali ya mwili au ya akili. Kifungu hicho hicho kinaruhusu shule kushirikiana na viongozi wa dini ili kuwapa watoto malezi ya imani, pale wazazi wao wanapoomba. Yaani dini shuleni inafuata ombi la mzazi. Haiwezi kugeuzwa kuwa tiketi ya kupitia mlangoni.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili, kwa maana nimekaa kwenye kiti hicho. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa pesa walikuja, na wengine walihama kutoka shule za kulipa. Nilifurahi kuwaona. Lakini vyumba vilibaki vilevile na madawati yalevile. Mahali pengi watoto wanabanana kwenye benchi moja, wengine wanakaa chini, na mwalimu hapati njia ya kwenda kusahihisha daftari la mtoto wa nyuma. Direktere anayesema darasa limejaa anaweza kuwa anasema kweli kabisa, na hata ofisi za juu zitamwelewa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua mtoto alikataliwa kwa lipi. Sekretere alikupa sababu mbili kwa pumzi moja, dini na nafasi. Kila moja ina jibu lake. Ukienda ofisi ya juu ukalia kwamba wamekubagua, watajibu kwamba nafasi zimeisha. Ukilia nafasi, hakuna atakayeijua habari ya kadi. Rudi pale, mzitenganishe.

Nenda pamoja na baba watoto, asubuhi mapema kabla kengele haijalia, na umwombe direktere mwenyewe. Sekretere hana mamlaka ya kukataa mtoto, na mara nyingi direktere hajui kabisa kilichosemwa kwenye dirisha lake. Beba cheti cha kuzaliwa, karatasi ya maternele na picha za mtoto. Ongea kwa heshima, usianze na Katiba. Uliza: “Mama Direktere, mwanetu amekosa nafasi kwa sababu gani?” Kisha nyamaza, umwache ajibu. Nimeona wazazi wengi wakiharibu jambo jema kwa kujaza kimya cha direktere kwa matusi au kwa machozi. Mara nyingi jambo linaishia hapohapo na mtoto anaandikwa.

Lisipoishia hapo, andika barua. Ofisi zetu zinafanya kazi kwa Kifaransa, basi mtafute mwalimu au mwanafunzi wa chuo mtaani akusaidie, lakini maneno yawe yako na yawe machache: “Tarehe fulani nilimleta mwanangu, mwenye umri wa miaka sita, kuandikishwa mwaka wa kwanza. Niliombwa kadi ya ubatizo. Niliposema hana, niliambiwa nafasi zimeisha. Katika juma hilohilo mtoto mwingine aliandikishwa. Naomba kuelezwa kwa maandishi sababu ya kukataliwa kwake, nikikumbusha kifungu cha 45 cha Katiba.” Usimtaje jirani kwa jina, mtoto wake hana kosa, na kesho mtachota maji pamoja. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine wakupigie muhuri na tarehe ya mapokezi. Bila muhuri ule, kwenye ofisi ya juu utaulizwa kama kweli uliandika.

Kwetu rufaa inapanda ngazi. Baada ya direktere kuna mratibu wa shule za Wakatoliki wa jimbo kuu la Lubumbashi, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa direktere. Wengi wanaogopa kumwendea padri huyo kwa vile wao si Wakatoliki. Usiogope, kusikiliza malalamiko kama haya ni sehemu ya kazi yake. Wakati huohuo mpe nakala mwenyekiti wa komite ya wazazi wa shule ile. Mzazi mwenzako akiuliza swali kwenye kikao, linasikika kuliko barua tatu. Mratibu asipojibu, ngazi inayofuata ni ya serikali: ofisi ya Sous-PROVED, yaani ofisi ya elimu ya eneo lenu, kisha PROVED, ofisi ya elimu iliyo juu yake, ya Haut-Katanga 1. Kila mahali unaambatisha nakala za barua za nyuma, zenye mihuri yake.

Na kama sababu ni nafasi kweli? Basi acha kubishana juu ya haki, omba vitu vinavyowezekana. Uliza kama shule ina zamu ya mchana, maana zipo shule ambazo darasa moja linatumika asubuhi na watoto hawa, mchana na wale. Omba jina liandikwe kwenye orodha ya wanaongoja, na ulione likiandikwa. Majuma ya kwanza ya Septemba kuna watoto wasiotokea kwa sababu wazazi wamehamia Kolwezi au Likasi, na hapo ndipo mzazi anayefuatilia hupata. Mwombe mratibu akuelekeze shule nyingine ya karibu anayoisimamia. Na uende hata kwa Waprotestanti na Wakimbangu. Shule zao za konvansione ziko chini ya sheria ileile.

Kuhusu yule kijana wa barabarani, usimpe kitu. Ukishatoa matabishi (hongo) huwezi tena kuandika barua, kwa maana utakuwa umenunua kile unachosema ni haki yako. Isitoshe, atarudi mwezi ujao na ule unaofuata. Mwambie direktere jambo hilo ana kwa ana, bila watu wengi. Akiwa mwadilifu atakushukuru. Akikasirika, utakuwa umejua nani wa kumpelekea barua inayofuata.

SWALI

Shikamoo Mama. Sisi ni watu wa Kamalondo, Lubumbashi, sasa tunakaa Leicester, Uingereza. Tuliomba binti yetu aanze Septemba kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki. Barua ya tarehe 16 Aprili imesema hakupata, wakampa shule nyingine. Fomu ya nyongeza ya shule tuliijaza, lakini cheti cha ubatizo hatukukiweka kwa sababu alibatizwa Lubumbashi na karatasi ilipotea tulipohama. Mama yangu yuko tayari kwenda parokia. Tukate rufaa?
Baba wa Leicester

JIBU

Marahaba, Baba. Huko kwenu sheria ni tofauti, msichanganye na niliyomjibu Mama wa Katuba. Uingereza, shule ya dini ikipata maombi mengi kuliko nafasi, inaruhusiwa kuwatanguliza watoto wa imani yake kwa utaratibu iliouchapisha mapema. Kuomba cheti cha ubatizo si kosa. Ikibaki na nafasi tupu ndipo inalazimika kumpokea yeyote.

Rufaa mnaweza kukata, na haina malipo. Inasikilizwa na jopo la watu wasiopungua watatu wasiotegemea shule, na mnapewa siku za shule zisizopungua 20 za kuandaa maombi. Tarehe ya mwisho itafuteni kwenye barua. Ila madarasa ya watoto wadogo, yaani darasa la kuanzia (Reception) na miaka miwili inayofuata, yana kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Mtoto akikataliwa kwa sababu ya kikomo hicho, jopo linaangalia mambo machache tu: kama utaratibu wa shule ulivunja sheria, kama haukufuatwa sawasawa na ndiyo maana mtoto akakosa, au kama uamuzi ulikuwa wa aina ambayo hakuna mtu mwenye busara angeufikia. Kusema shule iko karibu na binamu zake wanasoma pale hakutatosha. Na kwa kuwa cheti hamkukipeleka, shule itasema ilimpanga mahali ilipopaswa kumpanga. Someni tena utaratibu wao: kama unakubali barua ya padri badala ya cheti, nanyi mliituma wakaipuuza, hapo mna kesi.

Mimi ningetegemea zaidi orodha ya wanaongoja. Lazima iwepo angalau mpaka tarehe 31 Desemba, na inapangwa kwa masharti yaleyale ya shule. Aliyeomba mapema hatangulii kwa sababu hiyo. Cheti kikifika, mwombeni msimamizi wa uandikishaji ampange upya binti yenu kama Mkatoliki, na anaweza kupanda sana. Shule aliyopewa ikubalini kwa sasa; kuikubali hakuharibu rufaa wala orodha.

Mama yako aende ofisi ya parokia alikobatizwa mtoto, siku za kazi, asiende Jumapili wakati wa misa. Abebe jina la mtoto kama lilivyoandikwa siku ile, majina yenu wazazi, jina la msimamizi wa ubatizo na mwaka. Kitabu cha ubatizo kinabaki parokiani, na paroko anaweza kutoa cheti kipya chenye saini na muhuri. Apige picha aitume siku hiyohiyo, nanyi mtafute mtu wa kutafsiri Kifaransa chake, huku karatasi yenyewe ikifuata kwa mkono wa msafiri.