Kuhamia Linux: angalia kwanza unacheza nini

Ndugu yangu, umeuliza kama utaendelea kucheza gemu ukiiacha Windows 10 na kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, maana msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 2025 na kompyuta yako haikubali Windows 11. Inategemea unacheza nini.

Kama ni Valorant au Fortnite, usihangaike, baki ulipo. Programu zao za kuzuia udanganyifu hazikubali Linux. Apex Legends nayo ilifunga mlango mwaka 2024. Gemu za kucheza peke yako ni habari nyingine kabisa: tangu 2018 Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, wanatoa Proton, programu inayotafsiri maagizo ya Windows ili Linux iyaelewe, nayo imo ndani ya Steam. Nyingi unabofya tu, zinafunguka. Hata hivyo, kabla hujafuta chochote, tafuta kila gemu yako kwenye tovuti ya ProtonDB usome wenzako wanasemaje.

Mimi ningeweka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye diski ya pili, Windows ibaki pale pale. SSD ndogo inatosha kuonja. Ila gemu zisakinishe upya upande wa Linux. Mimi nilifanya uvivu, nikaziendesha kutoka diski ya Windows yenye NTFS (mpangilio wa faili wa Windows), zikasumbua, nikapoteza jioni mbili nikilaumu draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, bure. Kadi ya picha ya AMD haina maneno, draiva zake zimo tayari. Ya Nvidia, fungua kidirisha cha draiva cha Mint, uchague inayopendekezwa, kisha uwashe upya. Na sevu zako, yaani hatua ulizofikia kwenye gemu, zinakili kwenye flashi kwanza, si gemu zote zinazozihifadhi mtandaoni.