Poti 25565 na seva ya Minecraft nyumbani Kigoma

Ndugu, umeuliza kama kufungua poti 25565 (mlango wa mtandao ambao Minecraft hutumia kwa kawaida) kwenye ruta kunatosha ili wengine waingie kwenye seva yako ya nyumbani, mtaani Mwanga, Kigoma. Hakutoshi, na ikiwa hapo Mwanga unatumia intaneti ya laini ya simu, huenda kusisaidie kabisa, kwa sababu kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma ya intaneti (IP). Tazama anwani ya WAN (ile ambayo ruta hupewa na kampuni ya mtandao) ndani ya ruta: ikiwa inaanza na nambari kati ya 100.64 na 100.127, wachezaji wa nje hawatakufikia.

Ukiwa na anwani ya umma iliyo yako peke yako, fungua poti hiyo moja tu, usiiweke kompyuta kwenye DMZ (mpangilio wa ruta unaoiacha wazi kwa intaneti yote), na uendeshe seva kwa akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi. Toleo la Minecraft liwe 1.18.1 au jipya zaidi, kwani yale ya 1.7 hadi 1.18 yasiyorekebishwa yana dosari ya Log4j (kipande cha programu kinachoandika kumbukumbu za matukio ya seva) iliyofichuliwa Desemba 2021, ambayo kwayo ujumbe mmoja wa gumzo ulitosha kumkabidhi mgeni kompyuta nzima.

Kwa marafiki, washa orodha ya walioruhusiwa. Kwa umma wote ningekodi seva ya mbali, maana anwani ya nyumbani ikishajulikana inaweza kufurikishwa maombi hadi familia nzima ikose mtandao.