Mazoezi kando ya barabara yenye moshi: niendelee au niache?

SWALI: Jambo Dada. Niko na miaka 52, naishi Katoyi, hapa Goma. Daktari aliniambia nifanye mazoezi sababu ya presha. Asubuhi nakimbia kando ya barabara ya Sake mpaka Ndosho, kisha narudi. Pikipiki na malori zinanipulizia moshi usoni. Siku hizi nikifika nyumbani nakohoa na kamasi inatoka nyeusi. Mume wangu anasema moshi huo utanimaliza kabla ya presha. Niache?
Mama F.

JIBU: Mazoezi usiyaache, Mama. Badilisha barabara, na saa pia.

Ukikimbia, pumzi inaongezeka mara nyingi kuliko ukiwa umekaa, tena unavutia mdomoni. Ile kamasi nyeusi ni masizi yaliyonaswa puani na kooni. Yanayonipa wasiwasi ni yale madogo yasiyonaswa: yanafika ndani kabisa ya mapafu, mengine yanaingia damuni, na mishipa inakaza. Kwa mtu wa presha hilo si jambo dogo.

Mwaka 2017 watafiti wa London walichapisha kazi inayokuhusu moja kwa moja. Watu wa miaka 60 na zaidi, wengine wagonjwa wa moyo au mapafu, walitembea saa mbili kwenye bustani ya Hyde Park, na siku nyingine saa mbili Oxford Street, kwenye mabasi na teksi za mazutu (dizeli). Bustanini mapafu yalifunguka na mishipa ikalegea. Kwa wazima faida ilionekana hata kesho yake. Barabarani sehemu kubwa ya faida hiyo ilipotea.

Kwa hiyo pita njia za ndani. Ukiwa mita 200 hivi kutoka barabara kubwa, moshi wa magari unakuwa umepungua sana. Ila alfajiri, kila mlango una mbabula inayowashwa makala, na hewa ya baridi inaukandamiza ule moshi chini. Ngoja jua lipande kidogo. Ukiweza kufika Himbi, upande wa ziwa, vizuri zaidi, lakini usishuke kwenye mashimo na mabonde asubuhi mapema, mazuku, ile hewa ya sumu isiyoonekana, inalala humo.

Siku volkano ya Nyiragongo inateremsha moshi mjini, unasikia harufu ya kiberiti na koo linawasha, fanya mazoezi ndani ya nyumba. Mwenye pumu siku hiyo asijaribu kabisa kukimbia nje. Na barakoa ya kitambaa isikudanganye, masizi madogo yanapita.

Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya wapime na kifua kikuu. Ukisikia kifua kinabana wakati unakimbia, simama na uende siku hiyohiyo. Vidonge vya presha endelea kumeza, hata kama mazoezi yanakufanya ujisikie mzima.