Maswali yenu ya mazoezi: kifua kimejaa, mgongo na miguu mmeisahau

Meseji zimekua nyingi na nyingi zinafanana, kwahiyo leo nimekusanya zile zinazojirudia nazijibu moja moja. Mi nafundisha tizi uswahilini Dar, kwenye vyuma vya zege, yale makopo ya rangi yaliyojazwa zege alafu bomba likapita katikati, kwahiyo majibu yangu ni ya mtu wa mazingira hayo.

Kocha, nina miaka 22, napiga kifua kila siku mwaka wa pili sasa. Kifua kimetoka fresh ila bega la kulia linauma nikinyanyua mkono juu. Nibadilishe aina ya vyuma?

Vyuma havina kosa mdogo wangu. Shida ni kwamba kila siku unasukuma tu, huvuti kitu chochote, bega la mbele halipati hata siku ya kupumua, na ile misuli ya nyuma inayolishikilia bega likae mahali pake hujaifanyia kazi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, nilipiga kifua na mikono miaka mitatu, nikaonekana baunsa kabisa, siku nikaombwa kusaidia kupandisha gunia la mkaa ghorofa ya pili mgongo ukagoma njiani nikalala chini siku nne, na jamaa mwembamba anayebeba mizigo sokoni akaja akalimalizia. Toka siku hiyo sifundishi mtu kifua peke yake.

Fanya hivi, pumzisha bega wiki mbili bila kusukuma, vuta tu vitu vyepesi visivyoleta maumivu, alafu ukirudi kila seti ya kusukuma (seti ni mkupuo mmoja wa kurudia zoezi kabla hujapumzika) iwe na seti ya kuvuta. Na acha kila siku! Msuli haukui wakati unanyanyua, pale unauchosha tu, unakua ukishakula na kulala, sehemu moja ipe kama saa 48 kabla hujairudia. Bega likiendelea kuuma hata usiku ukiwa umelala nenda hospitali likaangaliwe, usilisugue sugue na dawa ya kuchua mwezi mzima.

Sina hela ya jimu, chumba changu ni kimoja, nina dumu za maji tu. Nianzie wapi?

Dumu ni mali ndugu yangu, na wala sikupi moyo tu. Maji lita 1 ni kilo 1, kwahiyo dumu la lita 20 ni dambeli, ile chuma fupi ya kushika kwa mkono mmoja, ila hii unaipangia uzito mwenyewe, leo unajaza lita 8, wiki ijayo 9, ukijiona imekua rahisi 10, na hiyo ndo siri yenyewe ya nguvu, kuongeza kidogo kidogo, mwili ukizoea mzigo mmoja unaacha kubadilika.

Mwili una kazi kubwa chache tu: kuchuchumaa, kuinama na kuokota, kusukuma, kuvuta, na kubeba ukitembea. Zote tano ziwepo kwenye siku moja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi mwili mzima umepata. Chuchumaa umekumbatia dumu kifuani. Kuinama sasa, hapa ndo watu wanaumia, angalia kina mama wanavyopanda mpunga, wanakunjia kwenye nyonga, mgongo umenyooka, hawakunji mgongo, na wewe okota dumu hivyo hivyo, msukumo utoke kwenye makalio na mapaja ya nyuma. Kusukuma ni pushapu, kama zinakushinda anza umeegemea ukuta, alafu meza, alafu chini. Kuvuta, inama ushike kiti kwa mkono mmoja, mwingine uvute dumu mpaka ubavuni, na kama mtaani kuna bomba imara ning'inia ujivute. Mwisho beba dumu mbili, huku na huku, tembea kibarazani mpaka vidole viombe msamaha.

Kila moja seti 3, mara 8 mpaka 12, na uache pale unapoona zimebaki kama mbili hivi uwezo uishe. Wiki ya kwanza fanya seti moja moja tu, maana siku ya pili utashuka kitandani kwa shida, hayo maumivu ni kawaida kwa anayeanza na yanaisha yenyewe siku tatu nne hivi. Ila maumivu makali ya ghafla ndani ya kiungo hayo sio ya kuvumilia, acha.

Kocha mi ni dada, nikinyanyua vizito si ntakua kama mwanaume?

Hapana dada yangu, na naomba hili liishe. Homoni inayojaza misuli ya wanaume, testosteroni, wanawake wanayo kidogo sana ukilinganisha, kwahiyo utapata nguvu, mwili utakaza, mifupa nayo itaimarika, na hiyo mifupa utaikumbuka ukifika umri wa kukoma hedhi maana ndo inaanza kupungua kwa kasi. Usibaki na dambeli za kilo mbili miaka yote.

Naambiwa bila pauda ya protini misuli haiji. Kweli?

Sio kweli. Pauda ni chakula tu kilichokaushwa. Anayejenga mwili anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wa kilo 60 ni kama 96. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, glasi ya maziwa 8, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, jamani tunawadharau dagaa! Makosa ninayoyaona ni ugali mlima na mboga kijiko kimoja. Geuza sahani.

Kuna mtu anauza sindano za kuongeza misuli, anasema hazina madhara.

Usichome. Sindano hizo ni homoni za kiume kama testosteroni niliyoitaja juu, zikiingia kutoka nje mwili unaacha kutengeneza zake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua mpaka kuzaa kunakua mtihani, na moyo unaumia. Nimeona vijana wazuri wakiharibikiwa na bado miguu yao ilikua nyuzi, maana hawakuwahi kuchuchumaa.

Kijana wangu, nina miaka 61 na presha natumia dawa. Hayo mambo ya misuli yananihusu?

Shikamoo mzee wangu. Yanakuhusu kuliko hao wengine wote, maana misuli inaanza kupungua toka miaka ya thelathini na uzeeni inapungua kwa kasi zaidi, ndo mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti au anajikwaa na kuanguka. Shirika la Afya Duniani linasema mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na wazee wamo. Kwanza mwambie daktari wako unataka kuanza na presha iwe imetulia. Alafu chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kaa na kusimama mara 5 bila kusukuma kwa mikono, pumzika, rudia. Usibane pumzi hata mara moja, kubana pumzi ndo kunarusha presha juu, ukisimama toa hewa, ukikaa vuta. Ukifika mara 10 bila kuhema niandikie tena, tutaongeza dumu la lita 3.