Mnaoanza kutembeza wageni, msisome Kiingereza kama mnavosoma Kiswahili

Vijana mnaoingia kwenye kazi hii, kuna jambo moja watu hulipitia juu juu tu. Kiswahili chetu ukiona herufi unaitamka, basi mtu anahamia kwenye Kiingereza na mtindo huohuo, hapa Zanzibar boti inaelekea kisiwa cha Changuu yeye anawaambia wageni "izlandi", akifika kwa wale kobe wa Shelisheli anasema "totoizi", Mtaliana pengine hatojali ila Muingereza atakuuliza mara mbili umekusudia nini. Island ni /ˈaɪlənd/. Hiyo s haikuwahi kutamkwa kwenye neno hilo, wasomi wa zamani waliitia wakidhani lina asili ya Kilatini. Tortoise nayo ni /ˈtɔːtəs/, mwisho wake hafifu, hamna "oi" hapo.

Hizo alama za matamshi kwenye kamusi msiziruke. Tena nyie mliosoma Qurani chuoni ndo msiogope kabisa, kwani kwenye wash-shamsi lamu si imeandikwa na haisomwi? Na ile alifu baada ya wau kwenye qaaluu? Mwalimu alisoma ukamfata, ikaisha. Tafauti ni kwamba tajwidi, yaani usomaji wa Qurani, ina kanuni zake zimenyooka, Kiingereza hakina, ndo maana neno linaandikwa halafu pembeni linaandikwa tena kwa alama za kimataifa, ambazo zilianza kutolewa 1888.

Na nyingi tunazo mdomoni. /θ/ ni th ya thelathini, /ð/ ni dh ya dhahabu, /ŋ/ ni ng' ya ng'ombe, Wafaransa wanahangaika na hizo th sisi tumezikuta nyumbani. Mtego uko kwenye /j/, hiyo ni y, kwa hivo yacht ni /jɒt/ na ch yote imelala. Inayotushinda ni /ə/, irabu ya mdomo mvivu, na imejaa kwenye viungo: cinnamon /ˈsɪnəmən/, cardamom /ˈkɑːdəməm/. Kile kijistari cha juu kinakuonesha silabi ya kutilia mkazo, sie tumezoea kuuweka silabi ya pili kutoka mwisho ndo maana huko Kizimbani kwenye mashamba ya viungo utaskia "siNAmon" na "kaDAmom" kutwa. Clove je? E ya mwisho haitamkwi lakini inafanya kazi, ndo inayoipa o sauti ya "ou", /kləʊv/, na usiongeze u mwishoni ikawa "klovu", bora useme karafuu tu.

Mgeni akikuuliza kwa nini lugha yao iko hivo (huuliza kweli, kana kwamba wewe ndo uliewatungia) mwambie herufi nyingi kati ya hizo zilikuwa na sauti. K ya knife ilitamkwa, gh ya night ilikuwa karibu na kh yetu ya Khamis. Mchapaji mmoja, Caxton, akapeleka mtambo wa kuchapa Uingereza 1476, tahajia zikaanza kuganda, midomo ikaendelea na safari yake. Nyengine zilitiwa makusudi kuiga Kilatini, kama p ya receipt, na sisi tunasema risiti bila p, waliotuletea waliliskia hawakulisoma.

Lafudhi msijisumbue nayo, anaekwambia uongee kama mtangazaji wa London anakupotezea muda. Chukua daftari uandike maneno ya njia yako tu, na alama zake pembeni, udurusu usiku kabla ya kazi. Palm ni /pɑːm/, castle ni /ˈkɑːsl/, climb ni /klaɪm/, tomb ni /tuːm/. Ila Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873, uwe macho, maana utawashusha wageni kwenye chamber, kile chumba cha chini, na hiyo ni /ˈtʃeɪmbə/, b inasikika, sasa mtu alieshazoea kuifuta kila baada ya m anaifuta na hapo.