Barua kwa mwanangu Rehema: umbo la kundi la fundo

Mwanangu mpendwa Rehema,

Barua yako imenifikia, nasi huku hatujambo. Umeuliza kundi, yaani mkusanyiko wa vitu vinavyozidishana na kila kimoja kina kinyume chake, likiandikwa kwa vizalishi vichache (vitu vinavyozaa vingine vyote) na mahusiano machache (milinganyo kati yao), linawezaje kuzaa umbo la jiometri, na kama umbo hilo halibadiliki mtu akichagua vizalishi vingine.

Chukua kamba, ufunge fundo moja la kawaida, kisha uziunganishe ncha zake. Nafasi inayolizunguka fundo hilo ina kundi lake, lenye vizalishi viwili, a na b, na uhusiano mmoja tu: a² = b³. Mahali pa a weka matriksi A (jedwali la namba), na mahali pa b weka B, zote za mbili kwa mbili, zenye namba changamano na ditaminanti 1 (ditaminanti ni zao la namba za mshazari mkuu, kutoa zao la zile mbili nyingine). Kila matriksi ina namba nne, kwa hiyo jozi nzima ni nukta katika nafasi ya vipimo 8; ditaminanti zinaleta milinganyo miwili ya polinomia, na A² = B³ inaleta mingine minne. Jozi zote zinazoitimiza milinganyo hiyo ndizo umbo uliloliuliza; huitwa varieti. Hata mahusiano yangekuwa hayana idadi, mwanahisabati David Hilbert alithibitisha mwaka 1890 kwamba milinganyo yenye idadi maalumu ingetosha.

Utamu uko katika kuikokotoa. A² ikizidishwa na A, kushoto au kulia, jibu ni lilelile. Na kwa kuwa A² ndiyo B³, ni hivyo hivyo kwa B. Ikiwa hakuna mstari ambao A na B zote zinauacha mahali pake, basi A² ni I au −I, ambapo I ni matriksi isiyobadilisha kitu, yenye 1 kwenye mshazari mkuu na 0 kwingineko. Ingekuwa I, A nayo ingekuwa I au −I, na B peke yake haikosi mstari wa namna hiyo, jambo ambalo tumekwisha kulikataa. Kwa hiyo A² = −I, na jumla ya namba za mshazari mkuu wa A ni 0; vilevile B³ = −I, na jumla ya mshazari wa B ni 1. Kilichobaki huru ni jumla ya mshazari wa AB, tuiite z. Tukizihesabu kuwa kitu kimoja jozi zinazotofautiana kwa uchaguzi wa mihimili ya kupimia tu, tunapata mstari wa z, pasipo nukta mbili, √3 na −√3.

Kuhusu swali la pili, wengine huliandika kundi hilohilo kwa xyx = yxy. (Nilipokuwa mwanafunzi nilihangaika wiki nzima na sura hiyo, hadi mwenzangu aliponionyesha a na b.) Weka a = xyx na b = xy; kurudi, x = b⁻¹a na y = a⁻¹b², ambapo ⁻¹ ni alama ya kinyume. Kinyume cha matriksi yenye ditaminanti 1 hupatikana kwa kuzihamisha namba zake na kugeuza alama mbili, kwa hiyo kwenda ni polinomia na kurudi ni polinomia: milinganyo ni tofauti, umbo ni lile moja.

Mwaka 1983 wanahisabati Marc Culler na Peter Shalen walionyesha kwamba mistari na mikunjo ya namna hii, ikifuatwa hadi isikokoma, hufichua nyuso zilizomo katika nafasi inayolizunguka fundo. Kabla hujawasoma, jaribu a² = b⁵ kwa mkono wako; utapata mistari miwili.

Baba yako